Mtoto ni wa Nani? Historia ya Malezi ya Watoto wa Wazazi Waliotengana Nchini Kongo

1. Utangulizi

Kila mara mume na mke wanapoachana, au mwanamume na mwanamke wasiofunga ndoa wanapopata mtoto kisha kila mmoja akashika njia yake, huulizwa swali moja: mtoto ni wa nani? Swali hilo limeulizwa katika mabaraza ya wazee vijijini, katika kambi za wafanyakazi wa migodi ya Katanga, mbele ya mahakimu wa enzi ya kikoloni, na linaendelea kuulizwa mbele ya mahakama za leo. Maneno yake hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni yule anayelijibu na mizani anayoitumia.

Inafaa kulitazama swali lenyewe kabla ya kuyatazama majibu yake. Katika Kiswahili, ile -a unganifu hubeba mambo mengi kwa pamoja. Mtu akisema "shamba la Ilunga" anataja mali. Akisema "mtoto wa Ilunga" anataja uzazi. Akisema "mtoto wa Lubumbashi" anataja mahali pa makuzi. Alama moja ya sarufi hutumika kwa umiliki, kwa damu na kwa makao. Lugha haina kosa katika jambo hilo. Kosa huja pale mwamuzi anapolichukua swali la uzazi akalijibu kama linavyojibiwa swali la shamba.

Insha hii inakusudia kuonyesha kwamba, katika historia ya Kongo, kila utawala ulitafuta kwa bidii mwenye mtoto, lakini haukushughulika kwa kiasi hichohicho na jambo la pili lenye uzito uleule, yaani njia ya mtoto kwenda kwa mzazi asiyekaa naye. Desturi za kale zilimweka mtoto upande mmoja, ila kwa kawaida ziliiacha njia hiyo wazi. Dola ya kikoloni iliwafungia baadhi ya watoto njia hiyo kwa amri. Sheria ya taifa huru imeifungua tena katika maandishi. Kuipita ni jambo jingine.

2. Mali na ukoo

Kongo haikuwa na desturi moja ya malezi. Kwa jumla watu wake waligawanyika katika makundi mawili makubwa: wale wanaohesabu ukoo kuumeni, yaani kwa upande wa baba, na wale wanaouhesabu kuukeni, yaani kwa upande wa mama. Baluba wa Katanga na Bashi wa Kivu ni mfano wa kundi la kwanza. Babemba, Balamba, Batabwa na Bakongo ni mfano wa kundi la pili. Tofauti hiyo haikuwa ya maneno matupu. Ndiyo iliyoamua mtoto angelala wapi siku baba na mama walipoachana.

Kwa watu wa kuumeni, ufunguo wa jambo ulikuwa mahari, ambayo katika Kiswahili cha Katanga wengi huiita tu "mali". Mali ikiisha kutolewa na kupokelewa, watoto waliozaliwa walihesabiwa katika ukoo wa baba, hata kama ndoa ingevunjika baadaye. Mtoto anyonyaye alibaki kwa mama yake mpaka aachishwe ziwa na kupata nguvu, kisha watu wa upande wa baba walikuja kumchukua. Kama mali haikutolewa, mtoto alikuwa wa watu wa mama yake, naye aliyemzaa hakuwa na sauti. Hata hivyo mlango haukufungwa: mwanamume aliweza kuja pamoja na wazee wake, kukiri kosa, kutoa kilichodaiwa, na mtoto akaingizwa katika ukoo wake.

Kwa watu wa kuukeni hesabu ilikuwa nyingine. Mtoto alizaliwa ndani ya ukoo wa mama, na mkubwa wake katika mambo ya ukoo alikuwa mjomba. Kazi aliyoifanya mwanamume katika mashamba ya wakwe, kama ilivyokuwa desturi ya Babemba, ilimpa haki ya kuishi na mke, lakini haikuwahamisha watoto kutoka ukoo wao. Ndoa ilipovunjika, hapakuwa na ubishi mrefu: watoto walifuatana na mama yao, au walikwenda kukaa kwa mjomba.

Katika makundi yote mawili, basi, mtoto alikuwa na upande wake. Lakini hakuna mahali ambapo upande wa pili ulifutwa. Kwa Bakongo, ambao ni watu wa kuukeni, ukoo wa baba ulikuwa na nguvu ya kubariki na ya kulaani, na kijana hakuanza jambo kubwa bila kwenda kuomba baraka huko. Kwa watu wengi wa kuumeni, mjomba alikuwa na sehemu yake katika mali iliyotolewa kwa ajili ya mpwa wake wa kike, na alikuwa na nafasi yake katika matanga. Kwa hiyo mtoto asiyejua njia ya kwenda kwa upande wa pili alikuwa fukara siku ya arusi na siku ya msiba. Ziara haikuitwa haki, wala haikuhitaji hakimu. Ilikuwa sehemu ya kazi za ukoo.

Si vema kuzipamba desturi hizo kupita kiasi. Mwanamke wa kuumeni aliyeteswa katika ndoa alijua kwamba akiondoka ataacha watoto nyuma. Ndugu zake nao mara nyingi walimsihi arudi, kwa sababu kuachana kulimaanisha kurudisha mali ambayo pengine ilikwisha kutumika kumwoza kaka yake. Baba wa kuukeni aliyewapenda watoto wake aliweza kuwalea kwa miaka mingi, kisha akawaona wakiondoka kwa neno la mjomba. Desturi ilihifadhi koo. Machozi ya mzazi mmoja mmoja hayakuwa na mahali katika hesabu yake. Sifa yake ilikuwa moja: ilijua kwamba mtoto ana pande mbili, na kwamba upande usiopewa mtoto bado una deni kwake.

3. Amri za Bula Matari

Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili ilikuja na fikra nyingine. Tarehe 12 Julai 1890 ilitolewa amri iliyoipa serikali ulezi wa watoto waliookolewa utumwani, mayatima na watoto walioachwa. Amri nyingine ya tarehe 4 Machi 1892 iliruhusu mashirika ya hisani na ya dini kuwapokea watoto wa namna hiyo katika vituo vyao na kuwa walezi wao. Kwa maandishi, lengo lilikuwa kuwalinda wanyonge. Lakini ndani ya amri hizo kulikuwa na neno lenye hatari, nalo ni "aliyeachwa".

Nani ameachwa? Kwa mtu wa kuukeni, mtoto asiye na baba si mtoto aliyeachwa. Ana mjomba, ana nyanya, ana ukoo mzima. Kwa mtu wa kuumeni, mtoto ambaye mali ya mama yake haikutolewa ni mtoto wa babu yake mzaa mama. Lakini jicho la dola lilitazama nyumba ya baba na mama waliofunga ndoa, na lisipoiona nyumba hiyo lilihesabu kwamba hapana kitu. Mjomba hakuonekana. Hivyo neno la huruma likageuka kuwa mlango wa kumchukua mtoto ambaye kwa watu wake hakuwa amepotea.

Waliopatwa zaidi na jambo hilo walikuwa machotara, yaani watoto waliozaliwa na mama Mkongo na baba mzungu, kwa kawaida bila ndoa. Sheria ya Watu, iliyotolewa tarehe 4 Mei 1895 katika kitabu cha sheria za kiraia, iliwahusu wazungu na wachache waliolinganishwa nao. Kwa sheria hiyo baba aliweza kumkubali mtoto wake mbele ya serikali. Wengi hawakufanya hivyo. Walimaliza muda wao wa kazi wakarudi Ulaya, au waliendelea kukaa Kongo wakanyamaza. Mama, kwa upande wake, aliishi chini ya desturi, na desturi ilimpa mtoto ukoo. Lakini utawala uliojengwa juu ya mpaka kati ya weupe na weusi ulimwona mtoto aliyevuka mpaka huo kuwa ni hatari, na haukupenda akue kijijini. Baba alikuwa amejiondoa na mama hakuhesabiwa; serikali ikajifanya mlezi.

Katika Kasai, wasichana wengi wa namna hiyo walipelekwa kwenye misioni ya Katende. Katika Rwanda, iliyokuwa chini ya utawala huohuo wa Wabelgiji, walipelekwa Save, na kuelekea uhuru watoto wengi wa Save walisafirishwa hadi Ubelgiji na kuwekwa katika familia na vituo vya huko. Mambo yaliyofuata yanaonyesha kazi ya kufunga njia ilivyofanywa. Mtoto alipelekwa mbali na kijiji cha mama. Mara nyingi jina lake lilibadilishwa au liliandikwa vingine, na mahali pa jina la baba palipoachwa wazi palimfanya aonekane kama mtu asiye na mwanzo. Watu wazima waliotaka baadaye kuwatafuta mama zao walikuta hawana jina la kuuliza wala kijiji cha kuelekea.

Hukumu juu ya matendo hayo ilichukua muda mrefu kufika. Tarehe 4 Aprili 2019, mbele ya Bunge mjini Brussels, waziri mkuu wa Ubelgiji wa wakati huo, Charles Michel, aliomba radhi kwa niaba ya serikali yake. Mwaka 2020 wanawake watano waliokuwa wamechukuliwa kupelekwa Katende kati ya 1948 na 1953 waliishtaki dola ya Ubelgiji. Mwaka 2021 mahakama ya kwanza iliyakataa madai yao. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliigeuza hukumu hiyo. Ilisema kwamba watoto hao walichukuliwa kutoka kwa mama zao kabla ya kutimiza miaka saba, bila ridhaa ya mama zao, kwa mpango wa kuwatafuta na kuwakusanya watoto wa asili yao, na kwa sababu ya asili hiyo tu. Nalo ni kosa dhidi ya ubinadamu, ambalo halifutwi na kupita kwa miaka. Dola iliamriwa kumlipa kila mmoja euro 50,000.

Maana ya hukumu hiyo kwa historia ya malezi inapita malipo hayo. Kwa mara ya kwanza mahakama ya nchi iliyotawala ilikubali kwamba mama asiye na ndoa, anayeishi kwa desturi, alikuwa mzazi kamili, na kwamba kumtenga mtoto naye kulikuwa ni kumwondolea mtoto kitu ambacho kilikuwa chake. Wazee wa vijiji wangeweza kuyasema hayo mwaka 1948, kama wangeulizwa.

4. Posho na kadi ya baba

Watoto waliochukuliwa na serikali walikuwa sehemu ndogo ya watoto wa nchi. Wengine wengi walibaki mikononi mwa desturi, lakini desturi yenyewe ilikuwa inahama kutoka kijijini kwenda mjini. Amri ya tarehe 15 Aprili 1926 ilizipanga mahakama za kienyeji na kuzipa kazi ya kuamua kesi kwa desturi. Amri ya tarehe 23 Novemba 1931 ilianzisha miji ya watu waliotoka katika maeneo ya machifu wao, ile iliyoitwa kwa Kifaransa "centre extra-coutumier". Tangu 1933 hukumu za mahakama hizo zilianza kuchapishwa mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, katika jarida la sheria za kienyeji lililosomwa na maofisa na wanasheria.

Mahakimu wa mjini walikutana na tatizo ambalo mzee wa kijiji hakulijua. Mwanamume Muluba na mwanamke Mubemba walikutana mjini, wakazaa, wakaachana. Kwa desturi ya mume, watoto ni wa mume. Kwa desturi ya mke, watoto ni wa ukoo wa mke. Kila mmoja alisema kweli kwa mujibu wa watu wake. Desturi mbili zilizokuwa na akili kila moja mahali pake zilipokutana zilizaa ugomvi usio na mwisho, na mtoto akavutwa huku na huku. Hakimu aliyetakiwa kufuata desturi alilazimika kuchagua ipi.

Wakati huohuo nguvu nyingine ilikuwa inatoa jibu bila kusubiri mahakama, nayo ni kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, ili isilazimike kuajiri watu wapya kila mara. Mke na watoto walipewa posho, nyumba, matibabu na baadaye shule. Lakini vyote vilipita katika jina la mfanyakazi. Mtoto alikula kwa sababu baba yake aliandikwa. Mwanamke aliyeachwa aliondoka katika nyumba ya kambi, na watoto waliomfuata waliziacha nyuma faida walizozipata kwa jina la baba yao. Mjomba, hata awe mkubwa namna gani kijijini, hakuwa na jina katika daftari hilo.

Hivyo, bila sheria yoyote kutamka, kambi iliwafanya watoto wa kuukeni waanze kuishi kama watoto wa kuumeni. Mamlaka ya baba yalitokana na posho zaidi kuliko mali. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, ameieleza historia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga kati ya 1910 na 1997, ambacho kwa jina lake kinawaita wana wa Shaba kuwa ni watoto walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni yenyewe. Picha hiyo ina ukweli mchungu: kampuni iliyoitwa Gécamines, baada ya Union Minière kutaifishwa mwanzoni mwa 1967, iliporomoka katika miaka ya 1990, na pamoja nayo likaporomoka tegemeo la baba wa nyumbani. Kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba aliyekuwa mkubwa kwa sababu ya kadi yake alijikuta nyumbani mikono mitupu, na mara nyingi mama ndiye aliyelisha watoto kwa biashara ndogo ya sokoni.

Kabla ya hapo, mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga. Ndoa za mchanganyiko zilikuwa nyingi katika miji hiyo, kwa kuwa watu walikuwa wameishi pamoja kwa miongo kadhaa. Siku za treni za Kasai, swali la "mtoto ni wa nani" liliulizwa kwa ukatili kuliko wakati wowote, kwani safari hiyo haikuonekana kuwa na kurudi. Hapo ilidhihirika kwamba mtoto anaweza kufungiwa njia hata bila wazazi wake kugombana.

5. Sheria ya Familia ya 1987

Kwa zaidi ya miaka 25 baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, nchi iliendelea kuishi na urithi wa aina mbili: kitabu cha 1895 kwa wachache, desturi kwa wengi. Sheria nambari 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyoweka Kitabu cha Sheria za Familia, ndiyo iliyojaribu kuziunganisha koo zote chini ya paa moja. Ilikubali ndoa ya desturi pamoja na mahari, ikataka iandikishwe. Ilimhesabu mtoto kuwa wa baba na mama kwa pamoja, bila kujali hesabu ya kuumeni au ya kuukeni.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa kauli yake kwamba kila mtoto lazima awe na baba, na kwamba hapana mtu mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe amezaliwa ndani au nje ya ndoa. Ukilinganishwa na kitabu cha 1895, ambacho kilimwachia baba hiari ya kukubali au kunyamaza, mgeuko huo ni mkubwa. Historia ya machotara inasaidia kuelewa uzito wake.

Na kama baba hapatikani? Hapo mwandishi wa sheria alileta mtu wa ajabu kidogo, yaani baba wa kisheria. Mahakama humteua kati ya watu wa familia ya mama, au, akikosekana, mtu anayependekezwa na mama, naye huchukua haki na wajibu wote wa baba. Msomaji anayezijua desturi za kuukeni hapati shida kumtambua mtu huyo: ni mjomba. Alitolewa nje na amri za 1890 na daftari la kambi, akarudi mwaka 1987 kupitia mlango wa mahakama, akiwa amevaa jina jipya.

Kuhusu wazazi wanaotengana, sheria iliweka mtoto chini ya mamlaka ya wote wawili, lakini waliposhindana ilitanguliza neno la baba. Katika talaka, mahakama ilipewa kazi ya kuamua mtoto akae na nani kwa kutazama faida ya mtoto mwenyewe, na mzazi asiyekaa naye alibaki na haki ya kumwona, kufuatilia malezi yake, na wajibu wa kuchangia gharama. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza ile njia ya zamani, ambayo ukoo uliilinda bila maandishi, iliandikwa kuwa haki.

Sheria za baadaye ziliongeza uzito upande huo. Tarehe 27 Septemba 1990 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao unaisema haki ya kuonana na wazazi wote wawili kuwa ni ya mtoto kwanza, si ya mzazi. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto iliyatanguliza masilahi ya mtoto katika kila uamuzi unaomhusu, ikaanzisha mahakama za watoto. Sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 ilikirekebisha Kitabu cha Familia na kuondoa sharti la mke kupata idhini ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria, ingawa ilimwacha mume kuwa kichwa cha nyumba.

6. Mtoto kama dhamana

Pamoja na sheria hizo zote, familia nyingi hazifiki mahakamani. Wengi wanaoishi pamoja hawakuandikisha ndoa. Lingala imewapa jina la mzaha, "yaka tofanda", yaani njoo tukae. Wakitengana, huamuliwa na wazazi, majirani au kanisa. Na katika maamuzi hayo hurudi fikra moja ya zamani iliyobadilishiwa mavazi.

Baba husema: kama sioni mtoto, sitoi pesa. Mama husema: kama hutoi pesa, humwoni mtoto. Kila mmoja huona ana haki, na ukisikiliza kwa makini unaisikia lugha ya mali ikisema ndani yao: mtoto hufuata kilichotolewa. Lakini kuna tofauti. Katika desturi, malipo yalimwingiza mtoto katika ukoo mara moja kwa daima, na upande wa pili haukufungwa. Katika ugomvi wa leo, malipo yamekuwa ya kila mwezi, na kila mwezi mlango wa mtoto hufunguliwa au hufungwa. Mtoto amekuwa dhamana mikononi mwa wadai wawili.

Sheria hutenganisha mambo hayo mawili. Wajibu wa kulisha hauondolewi na kukosa kumwona mtoto, na haki ya mtoto kumwona mzazi haiondolewi na ufukara wa mzazi. Baba aliyefutwa kazi Gécamines hakuacha kuwa baba siku posho ilipokatika. Mama asiye na ndoa hakuacha kuwa mama kwa sababu jina la baba halikuandikwa. Kuyachanganya mambo hayo ni kurudia, katika nyumba moja, kosa ambalo dola ililifanya Katende: kumwadhibu mtoto kwa jinsi wazazi wake walivyokutana na walivyoachana.

Hata msamiati unaonyesha kazi iliyobaki. Kwa Kifaransa cha mahakama husemwa "garde" na "droit de visite". Anayetafsiri "garde" kwa "kulinda" au "kuchunga" anamwona mtoto kama ghala au kundi la mbuzi. Anayetafsiri "visite" kwa "kutembelea" anamfanya mzazi kuwa mgeni. Methali husema kuzaa si kazi, kazi kulea. Neno "kulea", ambalo lugha inalo tangu zamani, lingefaa kushika mahali pa kwanza, kwa sababu mtu mmoja anaweza kumiliki, lakini kulea kunawezekana kwa wengi, hata kwa wanaokaa mbali.

7. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa haitoi sababu ya kurudi kijijini wala ya kuidharau sheria. Desturi ilijua pande mbili za mtoto, lakini haikumsikiliza mama. Dola ya kikoloni ilijua daftari, lakini ilimwondoa mama kabisa, na mahakama imekwisha kuliita tendo hilo kwa jina lake. Kampuni ilijua posho, na posho ilipokwisha haikuacha kitu mahali pake. Sheria ya 1987 pamoja na nyongeza zake imewapa watoto wa Kongo wazazi wawili mbele ya hakimu. Linalobaki ni kwamba wazee, mahakimu na wazazi wenyewe, wanapokaa barazani kuuliza mtoto ni wa nani, waongeze swali la pili kabla ya kuondoka: atapita njia gani kwenda kwa yule mwingine, na nani atahakikisha kwamba njia hiyo haifungwi? Baraza lililojibu swali la kwanza peke yake halijamaliza kesi.